Maisha ya Bibi Tussaud, Mfanya Sanamu za Nta

Mgeni aendaye London kutembea, akiisha kuuona Mto Thames na Kasri ya Buckingham, huambiwa asirudi kwao kabla hajafika barabara ya Marylebone. Huko iko nyumba iliyojaa watu mashuhuri wasiosema wala kupepesa macho. Wafalme, waimbaji na wacheza mpira wamesimama humo, na mgeni hujipenyeza kati yao ili apigwe picha. Jina la Tussaud lililoandikwa mlangoni wengi hulidhani kuwa ni la kampuni tu. Kumbe ni jina la mwanamke aliyezaliwa yatima, akaishi karibu sana na upanga, na akala jasho lake mpaka uzeeni.

Alizaliwa Strasbourg, katika nchi ya Ufaransa, mwaka 1761, akaitwa Marie Grosholtz. Baba yake, kama alivyosimulia mwenyewe, alikuwa askari, akafa miezi miwili kabla ya mtoto kuzaliwa. Mama yake akapata kazi ya kutunza nyumba ya daktari mmoja aitwaye Curtius, huko Bern katika Uswisi. Daktari huyu alikuwa na ustadi wa kufanya viungo vya mwili kwa nta, apate kujifunzia uganga wake. Watu walipoziona kazi zake walizistaajabia, hata akauacha udaktari, akahamia Paris na kufungua maonyesho ya sanamu. Marie na mama yake walimfuata, na mtoto akawa mwanafunzi wake wa kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Uso wa mtu ulipakwa mafuta, kisha ukafunikwa plasta laini, na puani hutiwa mirija ili apate kuvuta pumzi. Plasta ikikauka hutolewa, nayo ndiyo huwa kalibu. Nta ya nyuki, kama ile wanayoipata warina asali wa Tabora, huyeyushwa, ikachanganywa na rangi, ikamiminwa ndani. Baada ya hapo huwekwa macho ya kioo, na nywele za mtu huchomekwa kichwani mmoja mmoja. Asiye na subira asiijaribu kazi hii! Marie alikuwa nayo, maana mwaka 1777, angali msichana, alifanya sanamu ya Voltaire, mwandishi aliyekuwa na sifa kuu katika Ulaya.

Katika kitabu cha kumbukumbu zake kilichotolewa mwaka 1838, alieleza kwamba aliitwa kwenye jumba la mfalme huko Versailles, akakaa miaka mingi akimfundisha dada yake mfalme kazi ya nta. Wanahistoria wametafuta ushahidi wa jambo hili wasiuone. Pengine bibi alikuza mambo kidogo, kama afanyavyo mfanya biashara anayejua wateja wake hupenda nini. Lakini kwamba aliyaona mapinduzi ya Ufaransa kwa macho yake, hilo halina shaka.

Tarehe 12 Julai 1789 umati wa watu wenye hasira ulifika kwa Curtius, ukadai vichwa vya nta vya Necker, waziri aliyefukuzwa na mfalme, na vya mtawala wa Orléans. Wakavibeba barabarani mpaka askari wakawashambulia. Vichwa vya kwanza kutembezwa katika machafuko yale vilikuwa vya nta. Vya nyama vilifuata upesi.

Mfalme Louis alikatwa kichwa Januari 1793, na malkia wake Oktoba ya mwaka ule ule. Marie alisimulia kwamba yeye mwenyewe alitiwa gerezani, akanyolewa nywele tayari kwa kuuawa, kisha akaachiliwa. Akaamriwa kuchukua kalibu za nyuso za waliouawa. Marat, kiongozi aliyechomwa kisu akiwa ndani ya birika la kuogea, alimfanyia kalibu kabla mwili haujapoa. Tufikiri kidogo juu ya mwanamke huyu ameketi, kichwa magotini, akipaka mafuta uso wa mtu ambaye labda aliwahi kumsalimu. Kukataa kungekuwa ni kukiongeza kichwa chake mwenyewe katika hesabu ile.

Curtius alikufa mwaka 1794, akamrithisha sanamu zote pamoja na madeni. Mwaka uliofuata Marie aliolewa na François Tussaud, wakapata wana wawili walioishi. Biashara ikazidi kudhoofu, maana nani atoe fedha kuona vitisho vya nta, naye amekwisha kuona vya kweli uwanjani? Basi mwaka 1802, vita vilipotulia kwa muda, alivuka bahari kwenda Uingereza pamoja na mwanawe mkubwa Joseph, mtoto wa miaka minne. Mdogo, wa miaka miwili, alimwacha na baba yake. Nia yake ilikuwa kurudi.

Hakurudi. Mshirika wake wa biashara alichukua nusu ya faida, na vita vikaanza tena mwaka 1803, njia ikafungwa. Alikuwa mgeni, na Kiingereza hakukijua. Kwa miaka zaidi ya 30 alizunguka miji ya Uingereza, Uskoti na Ayalandi, sanamu zikiwa zimefungwa katika magari ya farasi, kila mji zikifunguliwa, zikasafishwa na kuvikwa upya. Mumewe hakumwona tena. Yule mtoto aliyeachwa alimfikia mama yake karibu mwaka 1822, naye amekwisha kuwa mtu mzima. Wengine humlaumu bibi kwa jambo hili. Wengine hukumbuka kwamba yeye ndiye aliyekuwa akitafuta riziki.

Mwaka 1835 alipata mahali pa kukaa, barabara ya Baker, London. Hapo sifa zikaenea. Chumba kimoja kiliwekwa wauaji na vichwa vya Wafaransa wale, kikaitwa Chumba cha Vitisho. Bibi mwenyewe aliketi mlangoni akipokea fedha za kiingilio, amevaa kofia na miwani. Mwaka 1842, umri wake miaka themanini na zaidi, alijifanyia sanamu yake mwenyewe. Alikufa Aprili 1850, na wanawe wakaendelea na kazi.

Wajukuu walihamia barabara ya Marylebone mwaka 1884. Mwaka 1925 moto uliwaka ndani ya nyumba, na nta yote ikatiririka kama mishumaa, lakini kalibu zilisalimika, watu wakafanywa upya. Mwaka 1940 ndege za Wajerumani ziliangusha bomu, kalibu 352 za vichwa zikavunjika. Nyumba ikatengenezwa tena, na wageni wangali wakipanga mstari mlangoni.