Adriano Atiman, Mganga na Katekista wa Karema

Katika nchi iitwayo leo Mali, kando ya mto Niger, alizaliwa mtoto mmoja mwaka 1866 hivi. Kijiji chake kiliitwa Tundurma. Angali mdogo, Watuaregi walimnyakua, wakamvusha jangwa la Sahara, wakamwuza kama mbuzi auzwavyo. Huko Aljeria Mapadri Weupe walimkomboa kwa fedha, wakamtunza na kumpeleka shule. Nyumbani kwao hakurudi kuishi tena.

Fedha ilimtoa utumwani, lakini haikumfanya Mkristo. Alifundishwa dini miaka kadhaa, kama wakatekumeni wote, na mwaka 1882 ndipo alipobatizwa.

Wakati huo Kadinali Lavigerie alikuwa na shauri lake. Aliona kwamba Waafrika wataletewa Injili vizuri zaidi na Waafrika wenzao, hasa wakiwa na kazi ya mikono itakayowasaidia watu. Kwa hiyo mwaka 1881 alifungua nyumba katika kisiwa cha Malta, ili vijana waliokombolewa wajifunze uganga wa kizungu pamoja na dini. Hakutaka wasomi wa kukaa mezani tu. Atiman alisoma huko mpaka mwaka 1888, kisha akatumwa Afrika ya Mashariki. Kutoka pwani msafara ulikwenda kwa miguu, mwendo wa miezi, hata mwaka 1889 akafika Karema, kando ya ziwa Tanganyika.

Karema ilikuwa boma lililojengwa na Wabelgiji mwaka 1879, nao waliwaachia wamisionari mwaka 1885. Humo walikimbilia watu walioogopa wawindaji wa watumwa. Watoto waliokombolewa nao walilelewa humo. Basi kijana aliyeuzwa jangwani akawekwa kuwatibu watu waliojua minyororo kama yeye. Hakuhitaji kuelezwa hofu yao.

Cheti cha Malta hakikumtosha. Lugha ya watu ilimpasa ajifunze, na desturi zao, na hata miti na mizizi ya nchi ile, kwa maana dawa za Ulaya zilikawia njiani au hazikufika kabisa. Alisafisha vidonda, alipasua majipu, alikesha na wenye homa. Katekista wa Masisi azijuaye njia za matope milimani, au yule wa Walikale avukaye msitu kwenda kwa mgonjwa, aweza kufahamu taabu hiyo pasipo kuambiwa. Tena kazi zake mbili hazikutengana: aliyeosha kidonda asubuhi ndiye aliyefundisha sala, na mgonjwa aliyekaribia kufa alimwona kitandani pake akimweleza habari za Mungu kwa maneno machache. Wengi walimsikiliza kwa sababu mikono yake walikwisha kuijua.

Alimwoa Agnes, mwanamke wa kabila la Wabende, na hivyo mgeni wa Niger akawa shemeji wa watu wa ziwani. Mwana wao Yosefu alipadrishwa mwaka 1923. Baba aliyeibwa kwa wazazi wake alimtoa mwanawe kwa hiari. Na mzazi yeyote ajua kwamba hilo si jambo jepesi.

Wenzake wengine walikufa au walihama. Atiman alibaki palepale, chini ya Wajerumani, kisha chini ya Waingereza, akawatibu watoto wa wale aliowatibu wakiwa watoto. Mwaka 1956 alifariki Karema, mzee wa miaka tisini hivi, baada ya kazi ya miaka 67.