David Bruce na Kiumbe Kilichotikisa Damu: Maisha ya Mtafiti kama Njia ya Kufundishia Seli

Somo la seli katika shule zetu mara nyingi huanza na mchoro: duara, kiini katikati, utando pembeni, na mistari ya majina. Mwanafunzi aukaririye mchoro huo hujibu mtihani vizuri, lakini hutoka darasani akiamini kwamba seli ni mfuko uliotulia. Makala haya yapendekeza tuanze na seli iendayo, kisha tuulize ni nini kiiendeshacho. Maisha ya Daktari David Bruce yanafaa kwa kazi hiyo, kwani miaka yake mingi ya utafiti ilipita Afrika, na safari yake moja ilimfikisha kwenye nchi za Ziwa Nyasa.

Bruce alizaliwa tarehe 29 Mei 1855 mjini Melbourne, Australia, akakulia Scotland. Alisomea udaktari Edinburgh, akaingia katika jeshi la Uingereza, na mwaka 1884 akapelekwa Malta. Huko, mwaka 1887, alitangaza kwamba amekipata kijidudu kilichosababisha homa iliyowasumbua askari na wenyeji wa kisiwa hicho. Mkewe, Mary Elizabeth, alikuwa msaidizi wake wa daima: alitayarisha vioo vya hadubini, akachora yale yaliyoonekana, na akafuatana naye kambini popote alipokwenda.

Mwaka 1894 Bruce alitumwa Ubombo katika nchi ya Wazulu, ambako ng'ombe walikuwa wakifa kwa nagana. Alipochunguza tone la damu mbichi aliona chembe nyekundu zikisukumwa huku na huku. Katikati yao kulikuwa na kiumbe chembamba kinachojipinda kama mkunga. Mwendo huo ndio uliokifichua. Kwa majaribio ya subira alionyesha kwamba mbung'o huichukua nagana na kuiambukiza, na kwamba wanyama wa porini hubeba kimelea hicho bila kuugua. Mwaka 1899 wataalamu wengine walikiita kimelea hicho kwa jina lake, Trypanosoma brucei.

Mwaka 1903 alifika Entebbe, wakati malale yalipokuwa yakiangamiza watu kandokando ya Ziwa Viktoria. Aldo Castellani alikuwa amekwisha kuona tripanosoma katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. Bruce alitaka kujua huambukizwaje. Kwa msaada wa Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda, machifu na watu wao walikusanya mainzi kutoka sehemu mbalimbali za nchi. Zikachorwa ramani mbili, moja ya mbung'o na moja ya ugonjwa, nazo zikalingana. Walimu tusilipite jambo hili haraka: ushahidi ule ulitokana na mikono na macho ya wenyeji wengi, ingawa sifa ilimwendea mmoja.

Kati ya 1911 na 1914 Bruce aliongoza uchunguzi huko Kasu, Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, upande wa magharibi wa Ziwa Nyasa. Hapo alichunguza malale yatokayo kwa wanyama wa porini, akashauri wanyama hao wapunguzwe kwa kuuawa. Ushauri huo ulipingwa vikali. Alifariki London tarehe 27 Novemba 1931, siku chache tu baada ya mkewe.

Bruce aliuona mwendo, lakini hakuweza kuona kiuendeshacho. Hadubini za elektroni zilifunua siri hiyo baadaye. Mjeledi wa tripanosoma una jozi tisa za mirija midogo ya protini kwa mzunguko, na mirija miwili katikati. Protini za pembeni huvuta jozi moja dhidi ya jirani yake, na mjeledi wote hupinda. Chini ya utando wa mwili mzima imepangwa mirija mingine, iliyosongamana kama fito za nyumba ya mianzi. Hiki ndicho kiunzi cha seli.

Nyumba hiyo ina mlango mmoja tu. Kwa kuwa fito zimeziba kila mahali, utando hauwezi kumeza wala kutoa kitu isipokuwa katika kifuko kilicho kwenye shina la mjeledi, upande wa nyuma. Kingamwili za mgonjwa zinapoushika utando, mwendo wa kimelea husababisha mkondo wa maji unaozisukuma nyuma mpaka kifukoni, nazo humezwa. Utando husafishwa na kurudishwa mahali pake kwa dakika chache. Basi kwenda na kujitengeneza ni kazi moja. Aidha, kimelea hubadili protini za vazi lake mara kwa mara, na hii ni sababu kubwa ya kutokuwapo kwa chanjo ya malale.

Twawezaje kulifundisha hili Katumba Songwe, wilayani Kyela? Damu yenye vimelea haifai kuletwa darasani. Maji ya majaruba ya mpunga yanatosha, kwani humo mara nyingi hupatikana yuglena, kiumbe kisicho na madhara ambacho ni jamaa wa tripanosoma. Nacho kina mjeledi, na chini ya utando wake kuna kiunzi.

Kwanza, wanafunzi watazame tone kwa hadubini, wakieleza mwendo kwa maneno yao wenyewe kabla ya kupewa jina lolote. Pili, wakisie ni kitu gani ndani ya seli kinachoweza kusukuma na kuzuia umbo lisiporomoke. Tatu, wasuke kielelezo cha fito za mianzi, wakifunike kwa kitambaa, na kuacha mlango mmoja. Wajadili vitu vingepitaje kama mlango huo ungezibwa. Shule isiyo na hadubini ianze na hatua hii ya tatu. Mwisho, mwalimu asimulie maisha ya Bruce, na ndipo mchoro wenye majina uchorwe ubaoni.

Mpangilio huu wachukua vipindi viwili badala ya kimoja. Lakini mtoto wa mfugaji au wa mvuvi ataelewa kwa nini ugonjwa huu ni mgumu kuushinda, na atajua kwamba ule mstari wa pembeni mwa mchoro ni utando ulio kazini kila dakika.