Rudolf Diesel: Alitimuliwa na vita, akatuachia injini ya porini

Kila tunapokutana huku ughaibuni na mwenzetu anayetaka kupeleka gari kuukuu nyumbani, ubishi huwa ni ule ule: Land Rover au Land Cruiser, na ya injini gani? Linalokubaliwa na wote ni kwamba iwe ya dizeli. Leo tumeona tumkumbuke mwenye jina hilo, kwani wengi wetu hulitaja kila siku bila kujua kwamba lilikuwa jina la mtu.

Rudolf Diesel alizaliwa Paris, Machi 18, 1858, wazazi wake wakiwa Wajerumani. Baba yake alikuwa fundi wa kujalidi vitabu na kutengeneza vitu vya ngozi. Mwaka 1870 vita vilipozuka baina ya Ufaransa na Wajerumani, familia hiyo ilibidi iihame nchi na kukimbilia London. Rudolf, mtoto wa miaka 12, akapelekwa peke yake Augsburg kulelewa na jamaa zake. Sisi tulio ugenini hatuhitaji kuelezwa maana ya safari kama hiyo.

Kijana huyo alisoma sana. Mwaka 1880 alihitimu uhandisi mjini Munich, ambako mwalimu wake Carl von Linde alikuwa bingwa wa mashine za kutengenezea barafu. Kilichomkera Diesel ni injini za mvuke, ambazo zilipoteza sehemu kubwa ya joto la makaa bure. Wazo lake lilikuwa hili: hewa ikibanwa sana ndani ya silinda hupata moto mkali, na mafuta yakirushwa humo yatawaka yenyewe, bila plagi wala cheche.

Alipata hataza mwaka 1893, na kiwanda cha mashine cha Augsburg kikampa nafasi ya kujaribu. Jaribio moja lililipuka na nusura limuue. Februari 1894 injini iliweza kujiendesha yenyewe kwa dakika moja hivi tu. Ilipopimwa Februari 1897, ikiwa na kimo cha mita 3 na nguvu za farasi 20 hivi, iligeuza kuwa kazi asilimia 26 ya joto la mafuta. Injini nyingi za mvuke za siku zile hazikufika hata nusu ya hapo.

Hapa ndipo tunapotaka msomaji atulie. Injini tunayoisifu leo kwa uimara ilianza vibaya. Ya kwanza kuuzwa ilikwenda Kempten mwaka 1898, katika kiwanda cha viberiti, na ikasumbua. Wanunuzi wengine walilalamika, na Diesel mwenyewe akaugua kwa mawazo. Waliomwokoa ni mafundi wa Augsburg, waliorekebisha kipande kimoja baada ya kingine mpaka mashine ikatulia. Kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, injini ya aina yake iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, kwa kuwa serikali ya Ufaransa ilitaka kujua kama makoloni yake ya Afrika yangeweza kujitengenezea mafuta.

Fedha alizipata nyingi, akazipoteza katika biashara mbaya. Usiku wa Septemba 29, 1913 alipanda meli ya Dresden kutoka Antwerp kwenda Uingereza. Asubuhi hakuonekana, na kitanda chake hakikuwa kimelaliwa. Siku kadhaa baadaye mwili wake ulionekana baharini. Wapo wanaosema alijiua kwa madeni, wapo wanaosema aliuawa. Alikuwa na miaka 55, na hakuwahi kuiona injini yake katika gari dogo. Land Rover ya kwanza ya dizeli ilitoka mwaka 1957.

Sasa turudi kwenye ubishi wetu. Injini ya Toyota 1HZ, iliyoanza mwaka 1990, ina lita 4.2, silinda 6, na haina turbo: kubwa, nzito, haijisumbui. Ile ya Land Rover 300Tdi, ya mwaka 1994, ina lita 2.5, silinda 4 na turbo. Hii hula dizeli kidogo zaidi, lakini hufanya kazi kwa kujikamua, na ikichemka gasketi ya silinda hedi huwa mashakani. Zote mbili zina pampu ya kimekanika, hivyo zikishawaka huhitaji umeme mdogo mno. Zote mbili zina mkanda wa taimingi, na ukikatika injini huharibika vibaya. Td5 ya mwaka 1998 huongozwa na kompyuta. Ikigoma porini, spana peke yake haitoshi.

Kwa anayepeleka gari Afrika Mashariki, sisi tungechagua 1HZ, kwa sababu mafundi wanaoijua na vipuri vyake havisakwi kwa tochi. Aliye na fundi hodari wa Land Rover jirani yake hana haja ya kuiogopa 300Tdi. Ila kabla gari halijapanda meli, badilisheni mkanda, chujio za dizeli na mipira ya rejeta. Diesel alikuwa na akili isiyo kifani, na bado injini yake isingefika popote bila watu wa kuitunza.