Abu Huraira (R.A.): Sahaba aliyejulikana kwa kitoto cha paka

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu Waislamu, si jambo geni katika nyumba zetu kusikia usiku sauti nyembamba ikitoka nyuma ya magunia ya stoo au uvunguni mwa kitanda. Watoto wakimulika kwa tochi huona macho mawili yakiwatazama: kitoto cha paka kimejificha. Hapo nyumba hugawanyika. Watoto hutaka kikae, na wakubwa wengine huagiza kifungwe katika gunia kikatupwe mbali. Kabla gunia halijafunguliwa, tumeona ni vyema tuwakumbushe wasomaji wetu maisha ya sahaba mtukufu ambaye umma mzima unamtaja kwa jina la mnyama huyo.

Abu Huraira (R.A.) alitokana na kabila la Daus, kusini magharibi mwa Bara Arabu. Wanachuoni wametofautiana sana kuhusu jina lake, na lililo mashuhuri zaidi ni Abdurrahman bin Sakhr. Alikua yatima, na katika ujana wake alichunga mifugo ya jamaa zake. Akiwa machungani alikuwa na kitoto cha paka. Usiku ukiingia alikiweka juu ya mti, na kulipokucha alikichukua, akaenda nacho na kucheza nacho. Watu wake walipoliona hilo wakamwita Abu Huraira, yaani baba wa kipaka. Habari hii aliieleza mwenyewe, na Imamu Tirmidhi ameipokea katika kitabu chake.

Uislamu uliwafikia Daus kupitia kwa mtu wao, Tufail bin Amr (R.A.). Abu Huraira alifika Madina mwaka wa 7 Hijria, sawa na 628 Miladia, wakati wa vita vya Khaibar. Hakuwa na mali wala ukoo mjini humo. Alikaa pamoja na watu wa Suffa, mafukara waliojihifadhi kwenye kivuli cha Msikiti wa Mtume, na mara nyingi njaa ilimzidi hata akafunga jiwe tumboni.

Siku moja alikaa njiani, akitaraji kuwa mmoja wa wapitao ataitambua hali yake. Walipita watu wakubwa wasitambue. Alipopita Mtume (S.A.W.) alitabasamu, akaijua njaa iliyo usoni mwake, akamwita Abu Hirr, yaani baba wa paka, kisha akafuatana naye nyumbani. Kulikuwa na bakuli moja la maziwa. Abu Huraira aliamrishwa awaite kwanza watu wa Suffa na awanyweshe mmoja mmoja. Wote wakatosheka, naye akanywa mpaka akakosa nafasi tumboni, na Mtume (S.A.W.) akanywa wa mwisho. Tulizingatie hili: mtu aliyekuwa akimtunza kiumbe dhaifu, yeye mwenyewe alipokuwa dhaifu aliitwa kwa jina la kiumbe huyo, na akashibishwa.

Aliandamana na Mtume (S.A.W.) kwa muda usiozidi miaka minne, wakati wenzake wakishughulika na masoko na mashamba. Hadithi zilizohesabiwa kwa jina lake, pamoja na zinazokariri, ni 5,374, na hakuna sahaba aliyepokewa nyingi kuliko hizo. Miongoni mwazo imo habari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfunga, asimlishe wala asimwachie ajitafutie wadudu wa ardhini. Imo pia habari ya mtu aliyeteremka kisimani, akajaza kiatu chake maji na kumnywesha mbwa mwenye kiu, naye akasamehewa madhambi yake.

Zama za Khalifa Umar (R.A.) alitawala Bahrain, na baadaye alikaimu uongozi wa Madina. Hata akiwa na cheo hicho alionekana sokoni akibeba mzigo wa kuni mgongoni. Alifariki karibu na mwaka wa 59 Hijria, akazikwa Baqii. Vyeo vyake wengi wamevisahau. Jina la kipaka limebaki katika vinywa vya Waislamu.

Sasa turudi kwenye stoo zetu. Wapo wanaomchukia paka kwa kudhani kuwa ni najisi. Sahaba Abu Qatada (R.A.) aliinamisha chombo cha maji ya udhu ili paka anywe, na mkwewe, Kabsha, alipostaajabu, alimfahamisha kuwa Mtume (S.A.W.) amebainisha kwamba paka si najisi, bali ni katika wanaotuzungukia majumbani. Kwa hiyo udhu si kisingizio.

Hadithi ya yule mwanamke inatuachia njia mbili: kulisha, au kuacha huru. Gunia lililofungwa si mojawapo, wala kitoto kisichoweza kujitafutia hakiwi huru kwa kutupwa jalalani. Mara nyingi mama yake ndiye aliyekificha hapo, naye hurudi kunyonyesha. Basi tumwachie njia na tuwazuie watoto wasikishikeshike. Ikiwa harudi, tukipatie joto na chakula kinacholingana na umri wake, na tukumbuke kuwa maziwa ya ng'ombe huweza kukiharisha. Asiyeweza kukifuga amtafutie mwenye kuweza.

Watoto wanaotazama mkono wa mzazi ukielekea nyuma ya gunia wanajifunza dini yao saa hiyo hiyo. Mwenyezi Mungu amridhie Abu Huraira na mama yake, na atujaalie huruma kwa viumbe vyake. Amin.