Bacon, mhandisi aliyewapa wanaanga umeme na maji

WATU wengi wanalijua jina la Neil Armstrong, aliyeukanyaga mwezi Julai 1969. Ni wachache wanaomjua Mwingereza ambaye uvumbuzi wake uliwapa Armstrong na wenzake umeme, pamoja na maji ya kunywa, safarini.

Francis Thomas Bacon alizaliwa Desemba 21, 1904 katika jimbo la Essex, katika familia yenye uwezo. Alisomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Cambridge, na mnamo 1925 akajiunga na kampuni ya Parsons mjini Newcastle, iliyounda mitambo ya kuzalisha umeme kwa mvuke.

Seli ya fueli haikuwa wazo lake. Takriban karne moja kabla yake, William Grove alikuwa amebainisha kwamba haidrojeni na oksijeni zikikutanishwa kwa utaratibu huzaa umeme na maji, pasipo moto wala moshi. Hata hivyo, Grove alitumia asidi, nayo asidi hula metali nyingi, hivyo ikamlazimu kutumia platinamu, ambayo bei yake haishikiki. Bacon aliiacha asidi akachukua kinyume chake, yaani maji ya potasi kali. Humo nikeli, metali ya bei nafuu, hudumu. Uamuzi huo mmoja ndio uliobeba kazi yake yote.

Majaribio aliyaanza 1937, na mengine aliyafanya kwa siri katika majengo ya mwajiri wake. Gesi hizo zikiwa katika shinikizo kubwa si za kuchezewa. Wakuu wake walipogundua walimtaka achague: ayaache majaribio au aiache kazi. Mwaka wa 1940 akaenda zake.

Vita vilimwelekeza kwenye utafiti wa vifaa vya kusaka nyambizi, na 1946 akarejea Cambridge. Hapo alikabiliwa na kutu iliyokuwa ikiila nikeli upande wa oksijeni, hadi alipoishinda kwa kutumia lithiamu. Agosti 1959 alionyesha hadharani mtambo wa seli 40 ukiendesha msumeno, mashine ya kuchomelea vyuma na gari la kuinulia mizigo. Kampuni ya Marekani, Pratt & Whitney, ilichukua kibali cha uvumbuzi huo, na kila chombo cha Apollo kikabeba mitambo mitatu ya aina hiyo.

Duniani mambo yalikuwa magumu zaidi. Hewa tunayovuta ina kaboni dayoksaidi, ambayo ikikutana na potasi huunda chumvi, ndugu ya magadi, inayoziba vitundu vya nikeli. Bacon alipofariki Mei 24, 1992, kikwazo hicho kilikuwa kingalipo.

Wanasayansi wa leo wanayaondoa maji ya potasi na kuweka utando mwembamba wa polima. Chaji chanya zimefungwa kwenye polima yenyewe, nazo ioni za haidroksaidi hupita katikati yake, hivyo chumvi ya potasi haipati pa kujijenga. Taabu ni kwamba ioni hizo hizo, joto likizidi, huushambulia utando unaozipitisha. Kwa sababu hiyo wabunifu wanaepuka polima ambazo uti wake umeunganishwa kwa oksijeni, kwa kuwa hapo ndipo hukatika upesi, huku wakitafuta chaji zitakazostahimili nyuzi 80 na zaidi kwa maelfu ya saa.