Mtakatifu Yohane Bosco na Ndoto Zake juu ya Kanisa



Kila Baba Mtakatifu anapofariki dunia, na mara nyingine anapougua tu, simu za waamini wetu, kuanzia bonde la mto Ngaka hadi ufukweni Mbamba Bay, huanza kupokea picha ile ile: merikebu kubwa katikati ya bahari iliyochafuka, nguzo mbili ndefu, na Papa akianguka penye usukani. Chini ya picha huwekwa maelezo ya mtu asiyejulikana, anayetaja Papa gani ataanguka na mwaka gani Kanisa litapatwa na msiba. Wengine hufadhaika kweli. Wengine huacha kuuliza Parokiani na kwenda kuuliza kwa watu wanaojiita manabii. Kwa kuwa ndoto hiyo ni ya Mtakatifu Yohane Bosco, tumeona inafaa kuyasimulia maisha yake, ili tujue yeye mwenyewe alizitendeaje ndoto zake.

Alizaliwa tarehe 16 Agosti 1815 katika kitongoji cha Becchi, karibu na Castelnuovo d'Asti, kaskazini mwa Italia. Baba yake, Francesco, alifariki mwaka 1817, mtoto akiwa hajatimiza miaka miwili. Mama yake, Margherita, akabaki na shamba dogo, watoto watatu wa kiume na mama mkwe mgonjwa. Familia za namna hiyo tunazifahamu. Zimo katika kila Jumuiya Ndogo Ndogo ya Jimbo letu.

Akiwa na umri wa miaka tisa hivi, Yohane aliota yuko katikati ya kundi kubwa la watoto, baadhi yao wakikufuru. Akawarukia kwa ngumi. Ndipo mtu mwenye heshima, aliyevaa nguo nyeupe, akamwagiza awavute kwa upole na upendo, si kwa mapigo, akampa Bibi mmoja awe mwalimu wake. Watoto wakageuka wanyama wakali, na wanyama wakageuka kondoo wapole.

Asubuhi aliisimulia nyumbani, na kila mmoja akaifasiri kwa namna yake. Giuseppe alimtabiria kuwa mchungaji wa mifugo. Antonio, kaka yake wa mama mwingine ambaye hawakupatana, alimwona tayari kuwa mkuu wa majambazi. Mama aliwaza kwamba huenda mwanawe angekuwa Padre. Bibi yake, ambaye hakujua kusoma wala kuandika, alimaliza mjadala kwa kusema kuwa ndoto si za kuzitilia maanani. Yohane Bosco aliandika baadaye kwamba alikubaliana na bibi, ila hakuweza kuisahau ndoto ile. Hakuisema tena nyumbani mpaka mwaka 1858, alipokwenda Roma na Papa Pio IX akamwuliza juu ya mwanzo wa kazi yake. Papa alimwagiza aiandike kwa faida ya wanawe wa kiroho. Hata hivyo aliianza kazi hiyo miaka ya 1870 tu, baada ya kuagizwa tena.

Alipata Daraja Takatifu ya Upadre mjini Torino tarehe 5 Juni 1841. Mji ulikuwa umejaa vijana waliotoka vijijini kutafuta vibarua vya ujenzi, wakilala popote, wengi wakiishia gerezani. Aliwakusanya siku za Dominika, akifukuzwa kutoka kiwanja kimoja hadi kingine, hadi Pasaka ya mwaka 1846 alipopata banda la kupanga huko Valdocco. Wakati huo huo alizungumza juu ya kanisa, karakana na madarasa kana kwamba vimekwisha kujengwa. Baadhi ya mapadre wenzake walidhani amerukwa na akili, na wawili wakaja na gari la farasi kumpeleka hospitali ya wagonjwa wa akili. Aliwakaribisha kwa adabu watangulie kupanda, akafunga mlango, akamwamuru mwendeshaji aondoke upesi. Walioingizwa hospitalini ni wale wawili. Kisa hiki huchekesha, lakini kinatuonyesha pia kwamba mwenye ndoto hakuaminiwa kwa sababu tu alikuwa na ndoto. Walioshuku walikuwa watu wa Kanisa, na kuta zilizojengwa baadaye Valdocco ndizo zilizowajibu.

Zipo ndoto zake zinazotisha. Mwishoni mwa mwaka 1854, serikali ilipokuwa ikiandaa sheria ya kufuta nyumba za watawa, aliota habari za mazishi makubwa katika jumba la kifalme, akamwandikia Mfalme Vittorio Emanuele II kumwonya. Kati ya Januari na Mei 1855 walifariki mama wa Mfalme, mke wake, ndugu yake na mtoto wake mchanga. Sheria ilitiwa sahihi hata hivyo.

Tufike sasa kwenye merikebu. Jioni ya tarehe 30 Mei 1862, katika maneno machache aliyozoea kuwapa vijana kabla ya kulala, Padre Bosco alianza kwa kuwakumbusha kwamba aotaye hatumii akili, na kwamba anawasimulia kwa faida ya roho zao tu. Akaeleza juu ya merikebu iliyoongozwa na Papa, ikishambuliwa na merikebu nyingi za adui, huku upepo ukiwa kinyume chake. Wavuvi wetu wa Lituhi na Liuli, waliowahi kukutwa na mwera katikati ya Ziwa Nyasa, hawahitaji kuelezwa zaidi. Papa alijeruhiwa, akainuliwa, akapigwa tena, akafa. Mwingine akachaguliwa mara moja, akaiongoza merikebu hadi katikati ya nguzo mbili na kuifunga humo: juu ya nguzo moja iliwekwa Hostia, juu ya nyingine sanamu ya Bikira Maria Msaada wa Wakristo. Bahari ikatulia.

Kisha akamwomba Padre Michele Rua aifasiri. Rua alieleza kuwa merikebu ni Kanisa, bahari ni ulimwengu, nguzo ni Ekaristi Takatifu na Bikira Maria. Padre Bosco aliikubali tafsiri hiyo, akasahihisha jambo moja tu: merikebu za adui ni madhulumu, na Kanisa linaandaliwa taabu kubwa kuliko zilizopita. Akataja njia mbili za kujiokoa, yaani ibada kwa Mama Maria na kupokea Komunyo mara kwa mara. Juu ya Papa aliyeanguka na kufa, Rua hakusema neno, na Padre Bosco naye alinyamaza.

Basi lile linalosambazwa leo kwa uhakika mkubwa, jina la Papa na mwaka wake, ndilo hasa ambalo mwenye ndoto hakulifasiri. Tena maandishi tuliyo nayo ni ya wasikilizaji walioandika kwa kumbukumbu, na baadaye hawakukubaliana katika kila jambo, hata katika idadi ya Mapapa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 67, inafundisha kwamba ufunuo wa binafsi, hata uliotambuliwa na Kanisa, si sehemu ya hazina ya imani. Yoshua bin Sira, sura ya 34, anawakanya wanaotegemea ndoto, isipokuwa zimetumwa na Aliye Juu. Kanisa lilimtangaza Yohane Bosco kuwa Mtakatifu tarehe 1 Aprili 1934 kwa fadhila zake. Halikumlazimisha mwamini yeyote kuzisadiki ndoto zake.

Yeye mwenyewe hakuwa mwepesi wa kufasiri. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 aliota nyika pana yenye watu wasiojua Injili. Alidhani ni Ethiopia, kisha China, kisha Australia au India. Alisoma vitabu vya jiografia, akaulizia, akasubiri. Mwaliko kutoka Argentina ulipomfikia ndipo alipotambua kuwa ni Patagonia, na tarehe 11 Novemba 1875 wamisionari wake wa kwanza waliondoka Torino wakiongozwa na Padre Giovanni Cagliero.

Mwezi Aprili 1886, akiwa Barcelona, mzee na dhaifu, aliota mstari ukitoka Santiago hadi Peking ukipitia katikati ya Afrika. Mwaka uliofuata, tarehe 16 Mei, alisoma Misa katika Basilika la Moyo Mtakatifu wa Yesu mjini Roma, akakatizwa na machozi zaidi ya mara kumi na tano. Alipoulizwa sababu, alieleza kwamba ameiona tena ndoto ya utotoni, na maneno ya nyumbani kwao juu yake. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka sitini, na siku hiyo ndipo alipoielewa.

Alifariki alfajiri ya tarehe 31 Januari 1888. Wasalesiani wake walifika Elisabethville, leo Lubumbashi, mwaka 1911, na hapa Tanzania mwaka 1980.