John Gibbon: Tabibu aliyebuni mashine ya moyo na mapafu

MASHINE zinazotegemewa leo kuwaokoa watoto mahututi ambao moyo na mapafu yao yamelemewa zina asili yake katika jasho la Dkt John Gibbon, daktari wa upasuaji wa Marekani aliyefariki mnamo 1973.

Gibbon alizaliwa Philadelphia mnamo Septemba 29, 1903, katika ukoo wa madaktari. Ingawa ujanani alitamani uandishi, alifuata nyayo za babake na kuhitimu udaktari mnamo 1927.

Akiwa mtafiti mjini Boston, alikesha kando ya kitanda cha mwanamke ambaye mshipa wake wa mapafu ulikuwa umezibwa na bonge la damu. Hatimaye mgonjwa huyo alipasuliwa, lakini hakupona. Usiku huo ndipo Gibbon alipowaza: je, iwapo damu ya mgonjwa ingetolewa, itiwe oksijeni nje ya mwili, kisha irejeshwe mishipani?

Wakubwa wake wengi waliona ni ndoto ya mchana. Aliyemuunga mkono bila kusita ni mkewe Mary, fundi wa maabara. Wawili hao waliunda mtambo wakiujaribu kwa paka, na mnamo 1935 ukafanya kazi ya moyo na mapafu huku paka akiwa hai. Heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ndiyo iliyowezesha jambo hilo.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, alivyotumikia kama daktari wa jeshi, kampuni ya IBM ilimsaidia kuunda mtambo bora zaidi.

Mgonjwa wa kwanza, mtoto wa miezi 15, aliaga dunia mnamo 1952. Kasoro ya moyo wake haikuwa ile iliyodhaniwa. Mnamo Mei 6, 1953, mtambo ulichukua nafasi ya moyo na mapafu ya msichana wa miaka 18 kwa dakika 26, huku Gibbon akiziba tundu lililokuwa moyoni. Msichana huyo alipona.

Furaha haikudumu. Julai mwaka huo, wasichana wawili wa miaka mitano walifariki. Gibbon alisitisha upasuaji huo badala ya kuhatarisha watoto wengine. Dkt John Kirklin wa Mayo Clinic aliuboresha mtambo huo na kuanza kuutumia kwa mafanikio mnamo 1955.

Hata hivyo, mitambo ya wakati huo haingeweza kutumika kwa siku nyingi, kwani damu iligusana moja kwa moja na oksijeni na kuharibika. Ilibidi watafiti wabuni utando mwembamba wa kutenganisha damu na hewa. Mnamo 1975, Dkt Robert Bartlett wa California alitumia mashine ya aina hiyo kumwokoa mtoto mchanga ambaye wauguzi walimpa jina Esperanza, yaani Tumaini.

Tiba hiyo, ijulikanayo kama ECMO, haiponyi ugonjwa. Huyapa moyo na mapafu muda wa kupumzika, kwa siku au hata wiki kadhaa, ingawa mgonjwa huwa katika hatari ya kuvuja damu.

Gibbon hakuishi kuyaona hayo. Mnamo Februari 5, 1973, alipatwa na mshtuko wa moyo akicheza tenisi, akafariki akiwa na umri wa miaka 69.